Simu Haichezi Harusini

Mimi ni mtu wa kujisifu. Nakiri mapema ili msomaji asije akadhani nilionewa. Nilizaliwa Tanzania, upande wa Karagwe, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Nikarudi Rwanda nikiwa msichana mkubwa, nikaolewa hapa Gisenyi, na hapa ndipo nilipozeekea. Majirani hunicheka Kiswahili changu, wanasema naongea kama redio. Nami huwajibu kwamba redio husikilizwa.

Kabla ya harusi ya binti yangu, sifa niliyoipenda kuliko zote ni kwamba sikuwa na pesa. Yaani pesa ya karatasi. Mkoba wangu ulikuwa na kitambulisho, kanga moja ya kujikinga na baridi ya ziwa, na simu. Mwenye pikipiki nilimlipa kwa simu. Mama anayeuza parachichi pale Nengo alikuwa ameandika namba yake kwenye kipande cha boksi, nami nilibonyeza huku nikichagua zile laini. Hata kanisani namba ya sadaka ilibandikwa ukutani, na mchungaji aliposema tutoe kwa moyo, tuliinamisha vichwa wote kama tunaosali, kumbe tunatafuta miwani ya kusomea simu.

Na raha yake ilikuwa ya kweli, nisiseme uongo. Hakuna tena muuzaji wa kukupa peremende mbili badala ya chenji. Hakuna noti inayonuka sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mpaka mkoba wote unanuka. Nyumbani ugomvi ulipungua, maana zamani pesa ikiachwa juu ya kabati ilikuwa inapotea na kila mtu anamtazama mwenzake. Siku hizi ujumbe unaingia, unasema nani, saa ngapi, kiasi gani. Mume wangu ndiye hakuufurahia utaratibu huo, na sababu anazijua mwenyewe.

Ubaya nao ulikuwepo, ila sikupenda kuuzungumzia. Noti ya mwisho unaiona ikiondoka mkononi, moyo unauma, unajirekebisha. Pesa ya simu inaondoka kimya kimya, halafu tarehe kumi na tano unashtukia huna hata ya chumvi. Lakini ofisini nilikuwa nimeshajijengea jina. Mwenzangu akitoa noti mfukoni nilikuwa namwuliza kama amefukua hazina ya babu yake.

Basi binti yangu akapata mchumba, kijana wa Goma. Kijana mzuri, mwenye adabu, ingawa hula kwa kasi kana kwamba mpaka unafungwa sasa hivi. Alilelewa na shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti, anayeuza vitenge, na ambaye wiki haiishi bila kuvuka mpaka pale Petite Barrière mara mbili tatu. Kwao wanamwita matante, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilimpenda siku ya kwanza nilipomwona, na siku hiyo hiyo nikamwona wa kizamani. Alikuwa na pesa za nchi tatu mwilini. Dola zilikaa kifuani, faranga za Kongo zilikaa kwenye pochi ya kiunoni, na za kwetu zilikaa kwenye soksi. Akipewa dola aliinyanyua juani, akaigeuza, na kama ina mchaniko mdogo kama wa sindano aliirudisha bila hata salamu.

Wiki tatu kabla ya harusi alikuja kwangu tupange mambo. Alikunywa chai vikombe viwili, halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu.

"Mama, batu ya kwenu watamuchezea mutoto na nini?"

Nikamwambia sijaelewa. Akanieleza kwa subira, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kwao, siku ya harusi, bibi harusi huketishwa mbele. Kwanza wanakuja watu wa bwana harusi, wanacheza mmoja mmoja, na kila mtu anabandika noti kwenye paji lake la uso. Halafu wanakuja watu wa bibi harusi mwenyewe. Na hapo, alisema, ndipo macho yote yanapofunguka.

"Si wingi ya makuta, ya franga, tunaangalia, mama. Bibi harusi asipochezewa na batu yake, donc hana batu. Na mwanamuke mwenye hana batu, bashemeji watamutuma kuchota maji ata kama maji iko mu nyumba."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza nisikie. Binti yangu alikuwa anakwenda kuishi kwao. Ni ng'ambo tu ya mpaka, kwa miguu unafika kabla jasho halijakutoka, lakini mama ni mama, na upande wa pili wa mpaka ni upande wa pili. Badala ya kusikia, nikajibu kwa ile sauti yangu ya redio kwamba huku kwetu, matante, tumeshaacha kubeba makaratasi, kila mtu atamtumia kwa simu yake.

"Simu haichezake, mama," akasema.

"Dunia inabadilika, matante."

"Bon," akasema, akamalizia chai. "Ni dunia yenu."

Nikaona nimeshinda. Kadi za mwaliko zikatoka na namba ya mchango chini yake, kwa wino wa dhahabu. Na kwa kuwa mpumbavu hafanyi jambo nusu, nikapiga simu hadi Bugeshi, kwa ndugu za mume wangu, wakulima wa viazi, watu ambao kila sherehe huja na noti zenye udongo wa shambani. Nikawaambia safari hii nawaomba sana, wasije na hizo noti, watume kwa simu kama watu wote. Wakasema sawa. Ni watu watiifu, Mungu awabariki.

Harusi ikawa mchana, kwa sababu wageni wa Goma ilibidi wavuke kabla mpaka haujafungwa. Tukatoka kanisani jua likiwa la utosi, tukaingia ukumbini Nengo. Kulikuwa na joto, soda za baridi, na harufu ya isombe, yaani kisamvu, na nyama ya mbuzi. Mtaalamu wa kumpamba binti yangu alitoka Goma na alikuwa amempaka poda bila ubahili, mwanangu aking'aa kama sahani mpya. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu nimemzaa mimi kweli? Nilikuwa na furaha mpaka viatu vyangu vipya nikavisamehe.

Mshereheshaji akatangaza. Muziki wa Kongo ukafunguliwa, ule ambao hata mlemavu wa kucheza kama mimi magoti yanaanza yenyewe. Watu wa bwana harusi wakainuka. Matante mbele, amevaa kitenge cha rangi ya machungwa, ana bunda la noti ndogo za Kongo, laini kama vitambaa kwa kushikwa. Alikwenda polepole, hatua mbele, hatua nyuma, mabega yakifanya kazi yake na kiuno kazi yake. Akafika kwa mwanangu, akabandika noti, jasho likaishika, watu wakapiga vigelegele. Nyuma yake wengine thelathini. Zikianguka, msimamizi wa bibi harusi alikuwa anaziokota na kuzitia kwenye agaseke, kale kakapu ketu ka mfuniko uliochongoka. Ilikuwa nzuri kutazama. Niseme wazi: ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekipanga mimi.

Halafu mshereheshaji akasema, "Sasa zamu ya watu wa bibi harusi!"

Hakuinuka mtu.

Walikuwepo watu wetu themanini ukumbini, wamevaa, wameoga, wana afya. Wakatazamana. Wanaume wakapapasa mifuko ya makoti, na kila mmoja akatoa simu. Shemeji yangu mmoja wa Bugeshi alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau, macho ya mtu aliyetii. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyofundishwa tukiwa watoto, na mimi nilikuwa nimeiacha mitupu mikono ya ukoo mzima. Upande wa pili wageni walianza kunong'ona. Mwanangu alikuwa ameketi pale mbele, anatabasamu, na tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka.

Wifi yangu mmoja, mwanamke jasiri, alijaribu. Akafungua ule ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba ametuma mchango, akaenda akicheza, akabandika simu kwenye paji la uso la bibi harusi. Simu ikateleza ikaangukia mapajani, ikaanza kulia. Alikuwa anapigiwa na fundi wake wa mabomba. Ukumbi ulicheka, na kicheko cha wageni nilikisikia kirefu kuliko chetu.

Nikatoka nje mbio. Nje ya lango alikuwepo wakala wa pesa za simu, mwanamke wa makamo, na mwavuli wake na kijimeza. Nikamwambia kila noti uliyonayo, nitolee. Akanitazama nguo, akatazama ukumbi, akaelewa. Akafungua kisanduku chake. Jumamosi mchana, watu walikuwa wameshatoa sana. Alikuwa na noti ishirini na sita za elfu moja, basi.

"Mama, nyie muko wangapi?"

"Themanini."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema nisizichukue zote mimi. Niwatume watu wangu waje kwake wenyewe, kila mmoja atoe elfu moja kutoka kwenye simu yake, aingie acheze. "Zikiisha," akasema, "zitakuwa mu agaseke. We unaniletea agaseke kwa mulango ya jiko. Mi nazirudisha, naziweka kwa simu ya bibi harusi. Na wengine wanazichukua tena. Noti ni zile zile, rero, lakini kila mutu ametoa yake."

Nilitaka kumbusu. Nilirudi ndani, nikanong'ona kwenye sikio la mume wangu, naye akanong'ona kwa mwenzake, na dakika chache baadaye watu wa Gisenyi na Bugeshi walikuwa wanatoka kwa mlango mkubwa kama wanaokwenda haja, wakirudi kila mmoja na elfu moja yake mkononi, wanacheza. Shemeji wa Bugeshi alinung'unika juu ya makato. "Nalipa ili nicheze?" aliniuliza. Nikamwambia alipe tu, nitamrudishia viazi. "Viazi vyangu mwenyewe," akasema, akaingia akicheza.

Na walicheza. Eh, walicheza! Watu wetu si wepesi wa kiuno kama wa ng'ambo, sisi tunanyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe na kukanyaga chini, lakini siku ile kila mmoja alileta alichonacho. Nami nikawa kwenye njia yangu. Ilitoka kwenye jukwaa, ikapita jikoni, kati ya sufuria za isombe na wapishi waliokuwa wananifokea, hadi mlango wa nyuma, hadi kwenye mwavuli. Agaseke kamoja kakijaa nilikafunika kwa kitambaa cha meza, nikapeleka, nikarudi na kengine katupu. Wakala anapokea, anabonyeza, anampa noti anayefuata kwenye mstari. Zilikuwa hazijapoa zinarudi ndani. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Viatu nilivivua. Nilikuwa natweta, na nilikuwa na furaha ya mwizi anayefanikiwa, ingawa hakuna aliyekuwa ameibiwa hata senti.

Jambo moja tu sikulifikiria, nalo ni poda.

Mzunguko wa nne ulipokaribia kwisha nilimwona matante ameinama pale mbele, ameokota noti iliyoanguka. Akaigeuza. Akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyofanyia dola. Kisha akamtazama jirani yangu wa Nengo aliyekuwa bado anakuja kwa mbali akicheza na noti yake, akamsogelea huku naye akicheza, akaitazama ile noti mkononi mwake kabla haijafika popote. Akaacha kucheza. Akaangaza macho ukumbi mzima mpaka akaniona mlangoni mwa jiko, miguu mitupu, nimekumbatia agaseke. Akaja.

Tukasimama kati ya sufuria. Wapishi waliacha kukoroga, maana wapishi hawapitwi na kitu.

"Mama," akasema, akaniwekea noti kwenye kiganja. Upande mmoja ilikuwa ya kahawia, imelowa poda. "Iyi noti iko na poda ya bibi harusi. Na ile ya yule baba, mbele ya kufika kwa bibi harusi, nayo iko na poda. Ilitoka wapi?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwa na nguvu. Nikamweleza yote: kadi ya wino wa dhahabu, ndugu wa Bugeshi niliowakataza, wakala, noti ishirini na sita, mlango wa nyuma. Nikamwambia kosa ni langu peke yangu, wale watu wasihesabiwe kosa, na mtoto asihesabiwe. Nikamwambia asimtume kuchota maji. Hapo machozi yakanishinda, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wapishi.

Matante alinikodolea macho. Halafu tumbo likaanza kutikisika, likafuata bega, na mwisho kikatoka kicheko ambacho nadhani walikisikia mpakani. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Akawaambia wapishi, "Bameniletea benki mu jiko!" nao wakacheka. Mimi nikacheka na machozi yangu usoni, kwa sababu hakuna awezaye kusimama karibu na kicheko kile akabaki mkavu.

Alipotulia alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akanishika mkono, sasa bila utani.

"Mi sikukuwa nahesabia makuta, mama. Nilikuambia siku ile. Makuta ata ingekuwa moja, izunguke siku muzima. Mi nilikuwa nahesabia batu. Nimebahesabia bote. Benye kutoka Bugeshi, benye kutoka kazini yako, ata ule mama wa simu yenye ililia. Mutoto iko na batu. Batu mingi." Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye miguu mitupu. "Mumoja tu ndiyo sikumuona."

Nikauliza nani. Kichwa changu kikaanza kupita majina ya ukoo, nikitafuta niliyemsahau, nani amebaki nje, nani sijampa zamu.

"Mama yake," akasema.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Saa nzima nilikuwa nimembeba mwanangu kwenye kakapu, kwenda na kurudi. Nilikuwa sijamtazama usoni tangu muziki uanze. Watu themanini walikuwa wamemfikia, na mimi niliyemzaa nilikuwa nimemfikia kwa mlango wa nyuma.

Nikasema, ngoja basi, nikatoe noti. Nikageuka kuelekea mlangoni. Matante akanivuta kwa nguvu za mtu anayebeba marobota ya vitenge.

"Noti ya nini tena? Enda!"

Nikaenda. Miguu mitupu, nywele zimefumuka, harufu ya isombe. Sijui kucheza, na mshereheshaji, Mungu amsamehe, alitangaza kwa kipaza sauti kwamba sasa anakuja mama mwenyewe. Ukumbi ukainuka, wa kwetu na wa kwao, sikuweza tena kutofautisha. Nilikanyaga nilivyoweza. Njia ilikuwa fupi, lakini niliiona ndefu, na mbele yake mwanangu alikuwa amenyanyua uso. Poda yote ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imeondoka na zile noti, mstari kwa mstari, na chini yake ulibaki uso ninaoujua, wa asubuhi, wa homa, wa matokeo ya mtihani.

Nilipomfikia nilibandika kiganja changu kwenye paji lake la uso. Lilikuwa la moto. Nikakiacha pale.

"Mama," akaniambia chini ya mkono wangu, "ulikuwa wapi? Kila anayekuja nilikuwa nadhani ni wewe."

Nikazidi kucheza, na kiganja sikukiondoa.